Dua ya Bi Ummu Salama Kando ya Karai la Mahamri

Dua ninayotaka kuizungumzia ni fupi mno. Mtoto wa chuo huihifadhi kwa kikao kimoja. Husomwa baada ya kutoa salamu katika swala ya Alfajiri, nayo ni hii:

Allahumma inni as'aluka 'ilman naafi'an, wa rizqan twayyiban, wa 'amalan mutaqabbalan.

Yaani: Ewe Mola wangu, nakuomba elimu yenye manufaa, na riziki njema, na amali yenye kukubaliwa.

Maombi matatu kwa pumzi moja. Nimeisoma miaka mingi sasa, na nikiulizwa ni kitu gani kilichonishika mkono tangu nilipobaki mjane na watoto, hii ndiyo ya kwanza kuitaja. Wako wanaoichukua dua ya asubuhi kama ufunguo wa duka: ukiisoma, wateja waingia. Mimi nimeiona ikifanya kazi nyingine. Ukishamwambia Mungu saa kumi na moja na nusu alfajiri kwamba wataka riziki njema, kisha saa tatu mtu akakujia na riziki chafu mkononi, utamjibu nini? Maneno yako mwenyewe hayajapoa bado. Dua hii hunifuata mchana kutwa, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Nakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na riziki yangu ni mahamri na mbaazi za nazi. Nauza barazani mwa nyumba. Mji wetu huu una misikiti mingi iliyokaribiana, na wa Mandhry, unaotajwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, hauko mbali na kwangu. Adhana ya Alfajiri kwa hiyo haiji moja. Huanza huku, ikadakwa kule, na ya tatu ikafuata kabla ya ya kwanza kwisha. Mombasa iko karibu na ikweta, kwa hiyo wakati wa Alfajiri hauhamihami sana. Kusi au kaskazi, tofauti yake mwaka mzima haifiki saa moja. Mpishi wa mahamri aweza kuyapanga maisha yake yote juu ya adhana hiyo, nami nimeyapanga hivyo.

Dua hii nilifunzwa nikiwa eda. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, kama ilivyo katika Sura ya Baqara, aya ya 234, na katika siku zile bibi mmoja wa mtaani alikuwa akija kukaa nami baada ya Alasiri. Hakuja na maneno mengi ya kuniliwaza. Siku moja aliniuliza, "Mwanangu, ukimaliza kuswali Alfajiri, wamwomba Mungu nini?" Nikamwambia naomba kodi ya nyumba. Ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi. Akatikisa kichwa, akasema, "Kodi ni ya mwezi huu. Mwombe kitu kitakacholipa kodi na kisikuharibie akhera." Kisha akanisomea dua, na akanisimulia kisa cha aliyetupokelea.

Kisa hicho nakitaka kila mjane akijue. Bi Ummu Salama, jina lake hasa ni Hind binti Abi Umayya. Yeye na mumewe Abu Salama walihamia Uhabeshi wakikimbia mateso ya Makka. Walipotaka kuhamia Madina, jamaa zake walimzuia, na jamaa za mumewe nao wakamchukua mtoto. Mume akaenda zake Madina, mtoto yuko kwa watu, na yeye akabaki akilia karibu mwaka mzima mpaka walipomwonea huruma wakamwachia. Kisha wakakutana, wakaishi. Halafu Abu Salama akajeruhiwa katika vita vya Uhud, jeraha likaonekana limepona, likafumka tena, likamwua katika mwaka wa 4 wa Hijra. Akawa mjane mwenye watoto wadogo katika mji usio wa kwao.

Hapo alisema maneno aliyofunzwa ya kusema mtu apatwapo na msiba: Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, Allahumma'jurni fi musibati wa akhlif li khayran minha. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, ewe Mola nilipe kwa msiba wangu na unipe badala yake kilicho bora zaidi. Amesimulia mwenyewe, katika hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Sahihi Muslim, kwamba alijiuliza moyoni: ni Mwislamu gani aliye bora kuliko Abu Salama? Lakini aliyasema maneno hivyo hivyo. Baadaye aliyemposa alikuwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Alipotoa udhuru kwamba ana mtoto na kwamba ni mwanamke mwenye wivu, Mtume alisema atamwombea Mungu kwa yote mawili.

Nampenda Bi Ummu Salama kwa lile swali lake. Hakujifanya hana huzuni. Alimjua mumewe, akaona hapana mfano wake, na bado akaomba.

Basi ni yeye huyu aliyesikia, ndani ya nyumba yake, Mtume akitoa salamu ya swala ya Subhi na kusema dua ile ya maombi matatu. Imo katika mkusanyo wa Ibn Majah. Hadithi zilizopokelewa kutoka kwake ni zaidi ya 300, na sehemu kubwa ni mambo kama haya, ambayo asingekuwa mtu wa nyumbani hatuyajui. Sisi wanawake ambao Alfajiri yetu twaiswalia vyumbani, mtoto amelala ubavuni na unga umefunikwa jikoni, dua hii imetufikia kutoka nyumba kama zetu. Hilo hunipa nguvu mpaka leo.

Nilipotoka eda nikaanza kupika. Unga nakanda usiku, baada ya Isha: unga wa ngano, sukari, hiliki, hamira na tui zito. Naufunika uumuke. Mbaazi nazo nalaza majini. Adhana ikiadhiniwa niko macho tayari, na kati ya salamu ya swala na mteja wa kwanza pana muda mdogo sana, kwa sababu wanaume wakitoka msikitini wapita moja kwa moja barazani kwangu wakitaka kitu cha moto. Hapo katikati ndipo penye dua.

Katika Sahihi Muslim imepokelewa kwamba Mtume alikuwa akishaswali Alfajiri hukaa pale pale aliposwalia mpaka jua lichomoze. Nami nilitamani kukaa hivyo, nikawa sipati. Kukata mahamri kwataka mikono, na mafuta hayangoji. Ustadha wetu wa darsa ndiye aliyenifungulia mlango, aliponisomea habari ya Bi Juwayriya, mke mwengine wa Mtume. Mtume alitoka kwake baada ya Subhi, naye amekaa mahali pake pa kuswalia akimtaja Mungu. Akarudi jua limekwishapanda, akamkuta hajainuka. Akamwambia kwamba yeye, tangu atoke, amesema maneno manne mara tatu, na lau yangepimwa na yote aliyoyasema Bi Juwayriya tangu asubuhi yangekuwa mazito zaidi: Subhanallahi wa bihamdihi, 'adada khalqihi, wa ridha nafsihi, wa zinata 'arshihi, wa midada kalimatihi. Kutakasika ni kwa Mwenyezi Mungu na sifa njema ni zake, kwa idadi ya viumbe vyake, na kwa radhi ya nafsi yake, na kwa uzito wa Arshi yake, na kwa wino wa maneno yake.

Mara tatu tu. Mwenye nafasi ya kukaa mpaka jua litoke asiiache, ina fadhila yake. Mwenye karai motoni ana maneno haya. Na Kurani imewasifu wanaomkumbuka Mungu wakiwa wamesimama, na wamekaa, na wamelala kwa mbavu zao, katika Sura ya Aali Imran, aya ya 191. Mimi huwa nimesimama, nina upawa mkononi, namwagia hamri mafuta juu lifure.

Nirudi kwenye maombi matatu, nianze na elimu, maana ndiyo iliyotangulizwa. Mtu aliyeamka asubuhi kwenda kutafuta angedhani ataanza na riziki. Mtume alianza na elimu, na mimi naamini mpango huo una maana kwa mfanyabiashara: riziki hutaijua kama ni njema ikiwa huna elimu ya kuitambua.

Kwangu mimi elimu ile ilianza na kuelewa nilichokuwa nikisema. Wengi wetu tumesoma nyiradi, zile dua na dhikri za kila siku, tangu chuoni, twazisoma vizuri, kila herufi kwa matamshi yake, bila kujua tumeomba nini. Sisi watu wa Mombasa hatuna sababu ya kubaki hivyo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mji huu na akaja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika dini kwa Kiswahili wakati ambapo wanazuoni wengi waliandika kwa Kiarabu tu, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la al-Islah. Mwanafunzi wake Sheikh Abdallah Saleh Farsy alitutolea tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili, ikachapishwa Nairobi mwaka 1969. Watu wamefanya kazi hiyo kwa ajili yetu. Kuisoma dua kila siku na maana yake iko kabatini ni hasara.

Baada ya kuelewa nikaanza kuuliza: elimu gani ina manufaa kwangu mimi, mpishi? Nilijiunga na darsa ya wanawake ya jioni, nikajifunza hukumu za kuuza na kununua, za deni, za amana. Nilijifunza pia kuweka daftari. Niliandika unga umeingia kwa bei gani, nazi ngapi, makaa ya pesa ngapi, mahamri mangapi yametoka. Msinicheke mkisikia nasema daftari la mahesabu ni jibu la dua. Daftari hilo ndilo lililonionyesha kwamba mbaazi nilikuwa nauza kwa hasara, nikizifidia kwa faida ya mahamri. Mjane asiyejua hesabu yake hukopa, na akikopa huenda akaingia pasipofaa.

Na elimu yenye manufaa si lazima iwe nyingi. Bi Ummu Salama yuyo huyo, katika mwaka wa 6 wa Hijra pale Hudaybiya, Waislamu walipoamrishwa wachinje na wanyoe nao wamevunjika moyo kwa kuzuiwa Makka, hakuna aliyeinuka. Mtume akaingia kwake akamweleza. Yeye akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake amnyoe. Alipofanya hivyo watu wote wakainuka wakafuata. Ushauri mmoja kutoka ndani ya hema. Kila nikikisoma kisa hicho namwambia binti yangu ashike masomo yake.

Sasa riziki. Hapa nina mengi, kwa sababu hapa ndipo nilipojaribiwa zaidi.

Anayekaa mji wa bandari anajua kwamba kuna vitu hutembea bila karatasi. Kijana mmoja alinijia asubuhi, karai liko motoni na foleni imesimama, ana madumu ya mafuta ya kupikia kwenye mkokoteni. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya bei ya dukani. Nikamwuliza yametoka wapi. Akaniambia, "Ma, wewe pika tu." Jibu hilo lilinitosha. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimetoka kuomba sasa hivi. Nenda nayo." Alinitazama kama ambaye hakufahamu, akasukuma mkokoteni wake.

Mafuta yale yalinunuliwa na wengine, na kwa muda mahamri ya jirani zangu yakawa ya bei rahisi kuliko yangu. Baadhi ya wateja walihama. Sitawaambia kwamba wiki iliyofuata Mungu alinimiminia wateja mara mbili, kwa sababu haikuwa hivyo. Wengine walirudi, wengine hawajarudi mpaka leo. Nilichokipata ni kwamba niliweza kuinua mikono kesho yake.

Hilo si jambo dogo. Katika Sahihi Muslim, Abu Hurayra amepokea kwamba Mtume alisema Mwenyezi Mungu ni mwema na hapokei ila kilicho chema. Kisha akamtaja mtu aliye katika safari ndefu, nywele zimetimka, amejaa vumbi, anainua mikono mbinguni, "Ee Mola! Ee Mola!", na chakula chake ni cha haramu, kinywaji chake ni cha haramu, vazi lake ni la haramu, na amelishwa haramu. Atajibiwaje mtu huyo? Mtu yule ana kila sababu ya kujibiwa: msafiri, mchovu, mnyonge, anaita. Kilichomzibia njia ni alichokula. Mimi natoka kuomba ndipo naenda kupika, na ninachokipika ndicho wanangu walichokula mpaka wakakua, na kesho yake nao wanaomba. Nikikubali mafuta yale, nimeziziba dua za nyumba nzima.

Jaribio jengine lilikuja taratibu zaidi. Bei ya unga ilipopanda, sote tunaouza barabarani tulikuwa na njia mbili: kupandisha bei, au kuacha bei pale pale na kulipunguza hamri. Kulipunguza ni rahisi, mteja haoni leo wala kesho. Masheikh watakwambia mnunuzi akikiona kitu kwa macho yake akakinunua hakuna udanganyifu, na ni kweli. Lakini wateja wangu wengi ni watoto wanaokwenda shule, wametumwa na mama zao na pesa za kuhesabu. Mtoto hatazami ukubwa. Nikakumbuka Sura ya Mutaffifin inavyoanza, ole wao wapunjao, nikaona kifua hakikunjuki. Nikaandika bei mpya kwenye kipande cha boksi nikakitundika barazani, na hamri likabaki kama lilivyokuwa. Walinung'unika kwa haki yao. Mama mmoja alinijia akasema hawezi bei ile, ana watoto wanne. Nikampangia ya kwake, tukaelewana baina yetu.

Kuna na mikopo ya haraka, ile inayoingia kwenye simu kabla hujafumba jicho na inayozaa kila siku unapochelewa. Nilipotaka jiko la gesi nilisukumwa sana kuikopa. Nilingojea zamu yangu katika mchezo wetu wa akina mama, kila mmoja akitoa kidogo na mmoja akibeba, nikapika kwa makaa na moshi wake mpaka zamu ikafika. Jiko lile nikaliwasha bila deni la riba.

Na kama kuna mfanyabiashara anayesoma haya akadhani naikataa baraka ya asubuhi, siikatai hata kidogo. Mtume ameuombea umma wake hasa baraka katika asubuhi zao za mapema. Aliyeipokea hadithi hiyo ni Sakhr al-Ghamidi, na katika Abu Daud na Tirmidhi imeelezwa kwamba alikuwa mfanyabiashara, akawa atuma bidhaa zake mwanzo wa mchana, akatajirika. Soko la Kongowea ukifika jua limechomoza, mboga nzuri zimekwenda. Anayelala baada ya Alfajiri ajue kuna dua imempita akiwa kitandani. Ninachosema ni kwamba yule anayeamka mapema ameombewa baraka, na dua ya Bi Ummu Salama yamfunza baraka hiyo iingie kwenye kitu cha namna gani.

Ombi la tatu, amali yenye kukubaliwa, silizungumzi sana kwa sababu hapana binadamu ajuaye limejibiwa. Mafuta nilikataa, nitajua nimekataa. Elimu nikiipata, nitaona. Lakini sadaka niliyotoa imepokewa? Mungu amesema katika Sura ya Maida, aya ya 27, kwamba huwapokelea wachaMungu tu. Bi Aisha alimwuliza Mtume kuhusu wale wanaotoa walichotoa na nyoyo zao zinaogopa, waliotajwa katika Sura ya Muuminun: je, ni wanaokunywa pombe na kuiba? Akamjibu, la, ni wale wanaofunga, wakaswali, wakatoa sadaka, nao wanachelea wasije wakakataliwa. Mimi nina desturi ya kutoa sahani ya kwanza ya kila siku kwa mtu asiyeweza kununua. Hapa mtaani kila mtu anamwona kila mtu, na sifa huja bila kuitwa. Kwa hivyo sahani ile nampa mwanangu aipeleke kabla watu hawajatoka msikitini, ikiwa imefunikwa kawa. Ombi la tatu ndilo lililoniamrisha hivyo.

Niseme neno juu ya jambo ambalo hapa kwetu limegombanisha watu. Misikiti mingine, imamu akitoa salamu, huongoza uradi kwa sauti, na nje ya dirisha nausikia. Mingine kila mtu husoma kimya peke yake. Watu wamefika kuitana majina. Ibn Abbas amepokelewa katika Bukhari akisema kunyanyua sauti kwa dhikri watu wamalizapo swala ya faradhi kulikuwapo wakati wa Mtume. Na Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata wengi wa pwani hii mpaka Kunuti yetu, dua ya kusimama ndani ya swala ya Subhi, yeye mwenyewe alipendelea dhikri ya kimya, isipokuwa imamu akitaka kuwafunza watu. Pande zote mbili zina pa kusimama. Bibi yule aliyenifunza alihifadhi nyiradi zake nyingi kwa kusikiliza kupitia dirishani, kwa hiyo sitakubali mtu aniambie sauti ile haina kheri. Na sitakubali pia kijana anayeomba kimya aambiwe hana adabu. Alfajiri ni fupi, na ugomvi unaula wakati wa maombi.

Wanawake huniuliza sana: katika siku za hedhi, ambapo hatuswali, dua hii twaiacha? Dua na dhikri haziharamishwi kwa mwenye hedhi, wanazuoni wamekubaliana juu ya hilo. Mimi siku hizo nilikuwa nikiamka kwa adhana ile ile, nakaa palepale, nasema maombi yangu matatu na tasbihi ya Bi Juwayriya, kisha naenda kwenye unga. Ukiacha siku zile kila mwezi, ulimi husahau njia na kurudi ni kazi. Na wengine huuliza isomwe mara ngapi. Hadithi haikutaja idadi, isome mara moja kwa moyo ulio hapo.

Wanangu wote wameipata. Mkubwa, baada ya kumaliza shule, amekuwa akivuka feri ya Likoni alfajiri kwenda kutafuta kibarua, na akiniaga mlangoni namsikia midomo inatembea. Mwaka huu aliitwa kazi, mshahara wa kila mwezi, kukaa nyuma ya dirisha katika duka la kubeti na kupokea pesa za vijana wenziwe. Nyumbani tulikuwa tumebanwa, na mimi sikufungua mdomo. Nilitaka nione dua imefika wapi kwake. Alikaa nalo jambo hilo, akaswali Alfajiri msikitini, akarudi akaniambia hatakwenda. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Mama, nikienda, nitasimama vipi kesho niombe riziki njema niliyoikataa jana?"

Hajapata kazi ya kudumu bado. Juma hili alipata siku mbili za kupakua magunia, na siku nyengine anakaa nami barazani akifunga mahamri kwenye karatasi. Binti naye ana mtihani mwisho wa mwaka. Sasa Alfajiri twaomba watatu, kila mmoja na lake, kwa maneno yale yale.